Je, Tutaulizwa Juu ya Mkate?

Ramadhani iliyopita, baada ya darasa letu la Alhamisi, ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza aliinua mkono akauliza swali lililotufanya sote tucheke. Alisema: "Ustadhi, nikila mkate wa nyumbani, wa moto, nikafurahi mpaka nikafumba macho, furaha ile inaandikwa wapi? Kwenye thawabu, kwenye dhambi, au haiandikwi?" Tulicheka kwa sababu futari ya jioni ile ilikuwa posho na maharage kama kawaida, na kila mtu alielewa swali limetoka kwenye tumbo gani. Ustadhi naye akatabasamu, akajibu kwa ufupi kwamba kula kitu kizuri cha halali ni mubaha, hakina thawabu wala dhambi kwa dhati yake, kisha tukasimama kwa ajili ya Isha.

Mimi nilicheka zaidi ya wengine. Lakini ndani ya begi langu kulikuwa na mkate kutoka nyumbani, umefungwa kwa kitambaa, umeletwa na basi la asubuhi kutoka Arua, na nilikuwa nimekwisha kusudia kuula peke yangu wakati wa daku. Usiku ule swali la yule kijana lilikataa kulala, na mimi nikakesha nalo.

Ngoja niueleze mkate wenyewe. Kwetu ni Adumi, upande wa Arua ambako ukitembea kuelekea machweo hukawii kufika Kongo. Chakula chetu cha asili si ngano. Ni enyasa, ule ugali mzito wa unga wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama, na muhogo wenyewe kila kiangazi utauona umeanikwa juu ya majabali. Mkate kwetu ni mgeni, na ninajua jinsi ulivyoingia. Mwaka 1980, baada ya Idi Amin kuanguka na West Nile kugeuzwa uwanja wa kisasi, bibi yangu alivuka mpaka kuingia Zaire akiwa na mama yangu mgongoni. Walikaa huko miaka kadhaa kama maelfu ya wenzao. Waliporudi, bibi alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuondoka navyo: Kiswahili, na ufundi wa kujenga tanuri ya udongo. (Ninajua Kiswahili kilikuwepo West Nile kabla ya hapo, kwa askari na wafanyabiashara na Wanubi, ninasema habari za nyumba yetu tu.) Hadi leo shambani tunasema Kilugbara, na tanurini tunasema Kiswahili. Mtoto akifungua mlango wa tanuri kabla ya wakati, anakemewa kwa Kiswahili cha ng'ambo: "Wacha mukate ilale!"

Tanuri yenyewe ni kama kichuguu kilichotobolewa mlango. Unga unakandwa baada ya Isha, unafunikwa blanketi kuukuu, unaachwa uumuke usiku kucha. Baada ya Alfajiri unakatwa na kuviringwa, wakati kuni zinawaka ndani ya tanuri. Mwanzoni dari ya ndani inakuwa nyeusi kwa masizi, halafu moto ukikolea masizi yenyewe yanaungua na udongo unakuwa mweupe. Hapo makaa yanakokotwa nje kwa jembe la zamani. Bibi alikuwa akirusha unga kidogo sakafuni mwa tanuri, akisoma Kul huwa Llahu mara tatu. Unga ukiwa mweusi kabla hajamaliza, tanuri ina hasira, tusubiri. Ukiwa kahawia, bismillahi, mikate iingie. Mlango unazibwa kwa bati na gunia lililoloweshwa maji.

Na mkate wa kwanza hauuzwi. Hiyo ni sheria ya bibi, na imebaki baada yake. Unapasuliwa kwa mikono, mvuke unatoka, kila mtoto anapata kipande na asali kidogo ikiwa msimu umekuwa mwema, au chai ya rangi ikiwa haukuwa. Baba yangu, ambaye hana kazi tanurini, saa hiyo daima huwa na sababu ya kupita.

Basi turudi kwenye swali. Jibu la ustadhi lilikuwa sahihi kwa upande wa hukumu. Lakini nilipolala nikakumbuka mwisho wa Suratut Takaathur, pale tunapoambiwa kwamba siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Na nikakumbuka hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inayofafanua neema hizo. Mtume (S.A.W.) alitoka nyumbani kwake akamkuta Abubakar na Umar (R.A.) nje, na kilichowatoa wote watatu ilikuwa njaa. Wakaenda kwa mtu mmoja katika Ansari. Yule bwana akafurahi mno, akawaletea shada la tende, akachinja kondoo, wakala na kunywa maji. Waliposhiba, Mtume (S.A.W.) akawaambia wale masahaba wake wawili kwamba Siku ya Kiyama wataulizwa juu ya neema hii.

Tazama swali limewekwa wapi. Halikuwekwa kwenye hazina za Karuni. Limewekwa kwenye tende, nyama na maji ya mtu wa kawaida, mbele ya watu watatu waliotoka majumbani mwao kwa njaa. Kama wao wataulizwa kwa mlo ule, mimi ni nani nisiulizwe kwa mkate na asali? Kwa hiyo kitu kinaweza kuwa hakina dhambi na bado kikawa na swali. Tunapolitaja neno "mubaha" mara nyingi tunalisema kama mtu anayefunga faili, kumbe faili lingali wazi.

Lakini tazama pia kwamba Mtume (S.A.W.) aliyasema hayo baada ya kula. Hakusimama mlangoni akawaambia wenzake: jihadharini, mtaulizwa, kuleni kidogo. Walikula mpaka wakashiba. Ninalisema hili kwa sababu hapa chuoni tunao ndugu, Allah awalipe kwa bidii yao, ambao wakiona mtu anafurahia chakula wanamkumbusha kaburi. Mmoja aliwahi kuniambia kwamba dini ya Waislamu wa leo imehamia tumboni. Huenda kweli, kwa baadhi yetu. Lakini Mtume (S.A.W.) alipenda vitu vitamu na asali, na aliyetueleza hivyo ni Mama Aisha (R.A.), mtu wa nyumbani kwake. Siku moja aliomba kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki, akaila huku akiisifu. Siki! Mimi ninaisoma sifa ile kama heshima kwa waliomwekea kile walichokuwa nacho. Hatukuambiwa kwamba aliisifu kwa sababu inampa nguvu ya kisimamo cha usiku.

Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo, kwa adabu zote, na jibu ambalo wanafunzi wengi tunalitoa haraka: "Weka nia, kula uwe na nguvu ya ibada, na mkate utakuwa ibada." Jibu hilo lina mizizi mizuri. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliigawa Ihyaa yake katika vitabu arobaini, na robo ya pili, ile ya desturi za maisha, akaifungua kwa kitabu cha adabu za kula. Hoja yake ni kwamba njia ya kumfikia Allah ni elimu na amali, na hivyo viwili vinahitaji mwili mzima, na mwili hausimami bila chakula. Kwa hiyo kula ni sehemu ya dini. Sina la kupinga. Ninachosema ni kwamba sisi tumeichukua hoja hii tukaifanya nyepesi, mkate ukawa kama petroli: unajaza tangi, unaondoka, na hakuna anayemuuliza petroli alilalaje.

Jibu la pili tunalolitoa ni shukrani. Kula, sema alhamdulillah, umemaliza. Mimi nimekuwa nikilisema neno hilo juu ya mkate ule tangu utotoni, na kwa dhati. Usiku ule kwa mara ya kwanza nilijiuliza lilikuwa linanigharimu nini.

Nikachukua simu nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya miaka miwili iliyopita. Ada yangu ya muhula ni shilingi 1,200,000. Nusu anaitoa baba kwa muhogo na simsim. Nusu nyingine, 600,000, inatoka tanurini. Mkate mmoja, baada ya kutoa unga, hamira, sukari na kuni, unabakiza faida ya shilingi 400 hivi, mama aliwahi kunitajia. Gawanya. Ni mikate 1,500 kwa muhula mmoja. Muhula una wiki kumi na saba, na tanuri inawashwa siku sita kwa wiki. Ni karibu mikate kumi na tano kila siku, kabla mtu hajanunua hata sabuni.

Na anayeioka si mama tena. Mgongo wa mama ulikataa miaka mingi iliyopita. Anayeioka ni dada yangu mkubwa. Yeye aliishia Senior Four. Mwaka alioacha mimi nilikuwa naingia Senior Three, nyumba ilikuwa na ada ya mtu mmoja, na mtu huyo nikawa mimi. Sikumbuki kikao chochote. Iliamuliwa kama mambo mengi ya nyumbani yanavyoamuliwa, kwa kunyamaza. Na alama zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Hili nililijua siku zote, kama mtu anavyojua kwamba kuna jiwe chini ya godoro akajifunza kulala upande wa pili.

Daku ile sikuula mkate peke yangu. Nilimwamsha yule kijana wa mwaka wa kwanza tukaula wote. Aliufurahia mpaka akafumba macho kweli. Mimi sikuufurahia.

Idi ilipofika nilikwenda nyumbani nikiwa nimeandaa hotuba. Safari ya kutoka Kampala ni ndefu, unavuka Karuma, unavuka Pakwach, unao muda wa kupanga maneno. Nilimkuta dada ameketi ameegemeza mgongo kwenye ukuta wa tanuri, mikate ikiwa ndani. Nikaanza: dada nisamehe, nimekula jasho lako, nimekufanya mtumwa, na kadhalika. Aliniacha nikamaliza. Kisha akacheka.

"Nani kakwambia mimi ni mtumwa?" akasema. "Ulinikuta nalia? Hii saa, mikate ikishaingia, ndiyo saa yangu. Ukuta una joto, watoto wamelala, hakuna anayeniita. Unadhani wewe peke yako ndiye unayefaidi mkate?"

Nikanyamaza. Akaendelea, na sasa hakuwa anacheka.

"Lakini miaka hii yote, mdogo wangu, hujaniuliza hata siku moja unga umepanda bei kiasi gani. Hujauliza kuni zinatoka wapi siku hizi. Hujaniuliza mwakani ninataka nini. Unakula, unasema alhamdulillah, unafunga begi."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita mia nne nikidhani nimegundua jambo. Kumbe hata majuto yangu yalikuwa njia nyingine ya kutomuuliza. Zamani nilimwona kama sehemu ya tanuri. Sasa nilikuja kumwona kama mtu wa kuhurumiwa. Katika hali zote mbili mimi ndiye niliyekuwa najua habari zake, na yeye hakuwa na la kusema. Huruma ya namna hiyo ni tamu sana kwa mwenye kuitoa. Unalia kidogo, unajiona mtu mwema, unarudi chuoni.

Kuna hadithi katika Bukhari na Muslim ambayo hupenda kutajwa kwa wanawake. Bibi Fatma (R.A.), binti wa Mtume, mikono yake iliumia kwa kusaga nafaka kwenye jiwe. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, hakumkuta, akaacha maneno kwa Mama Aisha. Usiku Mtume (S.A.W.) akawajia, Fatma na mumewe Ali wakiwa wamekwisha lala, akaketi baina yao, akawafundisha kuleta tasbihi na tahmidi mara thelathini na tatu na takbiri mara thelathini na nne, akawaambia hilo ni bora kwao kuliko mtumishi. Nimeisikia mara nyingi ikitumiwa kumwambia mwanamke: vumilia, leta tasbihi. Lakini aliyetusimulia habari ya mikono ile ni Ali mwenyewe. Yeye aliiona. Katika baadhi ya riwaya, kwa Imam Ahmad, Ali ndiye aliyeanza kwa kumweleza mkewe kwamba kifua chake kinauma kwa kuteka maji, naye Fatma akamjibu kwamba mikono yake imechubuka kwa kusaga. Yaani waliulizana hali. Na Kiarabu kina namna ya kuwasemesha watu wawili, na ndiyo iliyotumika: dhikri ile walipewa wote, mume na mke. Ali anasema hakuiacha tangu siku hiyo. Sasa mimi, ambaye nimelala kwenye hosteli na mikono laini, nitamwambia dada yangu alete tasbihi, kisha nigeukie ukuta?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Zamani nililielewa fundisho hili kama adabu ya kusema asante. Sasa ninaona kwamba huwezi kumshukuru mtu ambaye hujui amefanya nini. Nilikuwa namshukuru Allah kwa mkate huku nikiwa sijui unga unauzwaje. Siku nitakapoulizwa juu ya neema ile, nilikuwa nijibu nini? Ilikuwa tamu?

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya kifamilia, tusiyapandishe hadi akhera. Sijui ni mambo gani mengine yatakayopandishwa. Wengi wetu hatujawahi kushika hazina ya serikali. Tumeshika vipande vya mkate. Na dada zetu mnaosoma hapa mnalijua hili bila kuandikiwa, maana likizo ikifika wapo miongoni mwenu wanaorudi kukanda unga huku kaka zao "wanasoma".

Nilimuuliza basi. Alichotaka hakikuwa nilichokuwa nimekipanga. Mimi nilidhani atasema Senior Six. Yeye anataka kozi ya cheti ya uhasibu, ya jioni, mjini Arua, kwa sababu, alisema, amechoka kudanganywa na wauza unga. Tanuri hataki kuiacha. Anataka ya pili.

Asubuhi ya pili ya Idi alinikabidhi kazi. Nilikanda, niliwasha moto, nilikokota makaa, nikarusha unga sakafuni nikasoma kama bibi. Nadhani nilisoma haraka mno. Mikate minne ya upande wa nyuma iliungua ikawa kama mawe. Watoto walicheka, tukaikwangua, tukaila na chai, na nikiri kwamba nilifurahi kuliko siku ya daku. Dada alitoa daftari lake akaandika mikate minne upande wa deni, jina langu mbele yake, kwa bei ya kuuzia. Nikalalamika kwamba angalau aniandikie bei ya gharama. Akasema: "Kumbe unajua kuna bei mbili?"

Kozi yake inaanza Agosti, na muhula wangu unaanza Agosti hiyo hiyo. Tanuri moja haiwezi kulipa zote. Nimepata watoto wawili wa sekondari ninaowafundisha hisabati kila Jumamosi, na hiyo inatoa kama robo ya ada yake. Baba bado hajasema ndiyo wala hapana. Robo tatu zilizobaki tunazitafuta, dada na mimi, kwa simu, Jumapili usiku akimaliza kukanda, na kila mara ninaanza kwa kumuuliza bei ya unga.